Hela za kusafisha mto Tijuana

Uliyeuliza kwa nini Marekani isijenge tu mtambo wake mkubwa wa kusafisha maji taka ikamaliza habari ya mto Tijuana, ishu ni kwamba maji taka yanatokea Meksiko yanashuka hadi San Diego upande wa Marekani, bomba likipasuka kule juu uchafu unafika tu baharini Imperial Beach, mji wa pwani wa California, hata ujenge nini huku chini. Ndo maana hela lazima zipangwe pamoja, na kazi hiyo iko kwa IBWC, tume ya mipaka na maji ya nchi zote mbili. Makubaliano yao namba 328 ya 2022 yalitaja miradi ya kila upande na nani analipa nini, Meksiko iliahidi dola milioni 144, Marekani bunge lilishatenga milioni 300 kupitia sheria ya kutekeleza mkataba wa biashara wa USMCA, ule wa Marekani, Meksiko na Kanada. Ila mi naona balaa kubwa ni matengenezo, mtambo wa maji taka wa mpakani, upande wa Marekani, uliachwa ukachakaa miaka na miaka, pampu zikawa zinakufa na bajeti ya kuzirekebisha haikutosha! Watu wamefungiwa ufukwe muda mrefu mno, hiyo bajeti ya kila mwaka ndo ya kuwabana nayo wabunge.