Bhajia za vitunguu zisizokauka kwenye kikaangio cha hewa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba bhajia zako hutoka laini na unga huchuruzika chini ya kikapu. Kwa maelezo hayo, tatizo ni maji, wala si mashine. Kata vitunguu vyembamba, vinyunyizie chumvi, uviache dakika 15 vitoe maji yake, kisha uchanganye humo humo unga wa dengu na unga kidogo wa mchele, bila kuongeza maji isipokuwa unga ukikataa kabisa kushika. Tengeneza bhajia, uzipake mafuta juu, maana zisipopakwa hubaki na vumbi la unga mbichi, na uzipange zisigusane. Kwa nyuzijoto 180, dakika 12 hadi 15 hutosha, ukizigeuza katikati. Karatasi ya kuokea usiitangulize kikapu kikiwa kitupu, kwani hupeperuka na kuungua.