Jibu: Chuoni tumesoma Word na Excel tu, skuli ina vishikwambi, nianze na programu gani?

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Umesema unakwenda Micheweni kwenye mazoezi ya kufundisha, na skuli ina vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Programu iweke pembeni kwanza. Anza na mada inayokushinda kusomesha.

Mimi nasomesha Fizikia Wete, hapahapa Pemba, na iliyonishinda miaka ni umeme. Funga balbu mbili zinazofanana, zifuatane kwenye waya mmoja, kisha uliza ipi itawaka zaidi. Wengi watakwambia ya kwanza, kwa sababu "inakula umeme mwanzo," kumbe zote mbili zinawaka sawa. Nilichora ubaoni, wakanakili vizuri, kwenye mtihani wakarudi palepale.

Mwalimu mwenzangu akanionesha PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Ni ya bure, na faili lake ukilishusha mara moja linafunguka bila bando. Kipindi cha mwanzo niliwapa tu wachezee. Wakaunganisha waya ovyo mpaka betri ya kwenye skrini ikawaka moto, wakafurahi, wakatoka na kosa lao lilelile. Mwenzangu alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Akaniambia: kabla hawajagusa, kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Darasa la pili nikafanya hivyo, kishikwambi kimoja kwa watoto sita. Walipoona vile vidoa vinavyoonesha umeme kwenye skrini vinapita balbu zote mbili kwa mwendo mmoja, na daftarini wameandika vyengine, mabishano yake hayakwisha hata kengele ilipolia. Kesho yake tukafunga balbu na betri za kweli. Hili usiliwache, maana waya uliolegea kwenye skrini haumo.

Semina za kompyuta nilizohudhuria zilikuwa za kuwasha, kuzima na kufungua barua pepe. Hakuna hata moja iliyogusa somo langu, na hili linaniuma, kwa sababu tulishawahi kufanya vizuri zaidi kwa redio tu. Wakubwa wanakumbuka Tucheze Tujifunze, masomo ya redio ya watoto hapa Zanzibar miaka ya 2000: sauti inauliza, inanyamaza, mtoto anajibu, na mwalimu aliyepo anajifunza palepale namna ya kuuliza na kusubiri.

Kwa hiyo ukifika, tafuta maalim mmoja akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja kwa wiki, nawe ukae kwake. Vishikwambi vichaji usiku, umeme ukiwepo. Ukipita Wete, njoo na fleshi, faili ninazo.