Hesabu mikate kabla mkufunzi hajafika

Mwaka wa kwanza niliposimamia kiwanda chetu kidogo cha mikate, tulimlipa mkufunzi, watu wakajaza fomu kwamba wamefurahi, na mwisho wa mwezi bosi akaniuliza, "Tumepata nini?" Sikuwa na jibu. Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1959, alitaja mambo manne ya kupima: wafanyakazi wameyaonaje mafunzo, wamejifunza nini, wamebadilika vipi kazini, na kazi yenyewe imefaidika nini. Mimi niliishia la kwanza.

Mara ya pili nilianza kuhesabu wiki nne kabla. Kila zamu ilipoisha niliweka pembeni kreti za mikate iliyoungua au iliyogoma kuumuka, nikahesabu mmoja mmoja. Usiku walikuwa wanapoteza wastani wa mikate 60, mchana 58. Tukawafundisha wa usiku kwanza: kupima hamira na maji kwa mizani badala ya kukisia kwa kopo, na kuangalia joto la oveni.

Mwezi uliofuata usiku wakashuka hadi 22. Nilikuwa tayari kushangilia, ila mchana nao, ambao hawakufundishwa chochote, walishuka hadi 45. Kumbe mwezi huohuo tulibadilisha unga! Kwa hiyo kati ya mikate 38 iliyookolewa, 13 niliihesabia unga, mafunzo nikayapa 25. Ukiweza, usiwafundishe wote kwa mpigo. Bila zamu ya mchana ningempelekea bosi hesabu ya uongo, tena kwa moyo mweupe.

Gharama nazo hujificha. Daftari la mhasibu lilikuwa na shilingi 900,000 za mkufunzi, basi. Humo hamkuwa na vibarua sita walioshika zamu ya wafanyakazi wetu sita wa usiku walipokuwa mafunzoni kwa usiku tatu (360,000), nauli na chakula (180,000), wala mikate ya ziada waliyoiharibu vibarua hao (189,000). Jumla 1,629,000. Mkate mmoja ulioharibika, hata baada ya kuwauzia wafugaji wa kuku, ulitutia hasara ya 900. Mikate 25 kwa usiku 26 ni 585,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu haukuisha kabla pesa haijarudi.

Mwezi wa tano mmoja wa wale sita tuliowafundisha akaacha kazi. Niliumia, lakini gharama yake ilikuwa imeshalipwa. Aliyeshika nafasi yake anafundishwa na wenzake watano palepale kwenye meza ya kukandia, na kreti yake naihesabu peke yake.