Maswali ya gereji: sensa za ekzosi kwenye gari ya turbo zinakaa wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Forester ya 2004, ile ya turbo. Nimenunua geji mbili, moja ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, nyingine ya joto la moshi. Fundi wangu anasema zote tuchomelee kwenye manifoldi, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, kabla ya turbo, eti mbona hata Subaru wenyewe sensa yao wameiweka huko. Rafiki yangu anasema hapana, zote baada ya turbo. Nimsikilize nani?
– Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kila mmoja kapatia nusu. Ya joto funga kabla ya turbo, ya mchanganyiko funga baada ya turbo, na nikisema kabla na baada naongelea njia ya moshi unavotoka kwenye injini, sio mbele na nyuma ya gari, wengi wanapotelea hapo.

Tuanze na ya mchanganyiko maana ndo inayokufa haraka. Kabla ya turbo moshi umebanwa, ukikanyaga mafuta presha ya mle inaweza kuzidi hata ile busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini, unayoiona kwenye geji yake, sasa sensa hizi, tuseme Bosch LSU 4.9 ambayo geji nyingi zinakuja nayo, zinapima oksijeni kwa kuipitisha kwenye kitundu kidogo sana, presha ikipanda namba zinaanza kudanganya. Mafuta yakizidi inakwambia yamezidi kuliko ukweli, yakipungua inakwambia yamepungua kuliko ukweli, na inadanganya wakati uleule wa busti ambao ndo ulinunulia geji. Halafu joto. LSU 4.9 imetengenezwa kuvumilia moshi wa nyuzi 930 hivi kwa muda mrefu, manifoldi ya turbo kwenye mlima inakaribia hapo bila shida. Na ncha yake ikivunjika vipande vinaenda wapi? Kwenye mapanga ya turbo.

Kwahiyo ishushe kwenye bomba linalotoka turbo, futi mbili au tatu kutoka kwenye turbo ukipata nafasi, ukibanwa hata futi moja na nusu, ila iwe kabla ya masega ya katalitiki, lile kopo la kusafisha moshi. Kwenye Forester masega yako karibu sana na turbo kwahiyo kama bado unayo utabanwa kweli, hapo pima vizuri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Usikimbilie mwisho wa bomba kule nyuma, gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, hewa ya nje inarudi ndani na geji itakwambia mafuta hayatoshi wakati yapo.

Kingine ambacho mafundi wetu wengi hawakijali ni mlalo. Chukua uso wa saa uuweke kwenye bomba, sensa ikae kati ya namba 10 na namba 2, yaani ule mshale wa saa nne mpaka saa nane kwa saa zetu, ncha ikitazama chini. Asubuhi za baridi za huko Arusha bomba linatoa maji, tone likiangukia ile seramiki ambayo imeshawaka moto, imepasuka. Nishaona sensa mpya imekufa wiki ya kwanza kwa sababu ilichomelewa tumboni mwa bomba kama nati ya kumwagia oili. Na usiiache ndani ya bomba bila umeme, hita yake isipowaka masizi yanaiziba, ukitoa geji toa na sensa, ziba tundu kwa bolti.

Sasa hoja ya fundi wako. Kweli, Subaru nyingi zenye injini za EJ kama yako za miaka hiyo sensa ya kwanza iko kwenye manifoldi. Lakini ile kazi yake kubwa ni ukiwa unatembea taratibu, kompyuta ikitafuta ile hewa 14.7 kwa mafuta 1, ukikanyaga hadi sakafuni kompyuta inaacha kuisikiliza inafuata jedwali lake yenyewe. Wewe unataka kusoma 11 na pointi huko kwenye busti. Ni kazi mbili tofauti.

Ya joto ndo fundi wako yuko sahihi. Turbo inakula joto kwa kugeuza mapanga, ukipima baada yake unaweza kusoma nyuzi 100 hadi 200 chini, na tofauti haikai palepale, inabadilika na mzigo, kwahiyo huwezi kusema naongeza 150 kichwani basi. Kwenye Subaru chagua: ukiweka kwenye bomba linalopanda kwenda turbo unapata wastani wa silinda zote nne, ukiweka kwenye mguu wa silinda moja unaijua hiyo moja tu. Mimi ningeweka mguu wa namba 4, ile ya nyuma kushoto, ndo yenye sifa mbaya kwenye injini hizi. Ncha ifike katikati ya bomba. Na TOA manifoldi kabla ya kutoboa, ukitoboa ikiwa garini vyuma vyote vinaingia turbo.

Zisome pamoja. Joto kubwa sio lazima mafuta yamepungua, taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha, ikichelewa nayo inapandisha joto. Na silinda ikimisi, oksijeni yake haijaungua, geji ya mchanganyiko inasoma mafuta kidogo hata kama plagi zimelowa petroli. Bomba likivuja kabla ya sensa ni hivohivo. Kwahiyo kabla hujaongeza mafuta angalia gasketi kwanza.

SWALI: Land Cruiser yangu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo haiji na turbo, nimefungiwa turbo, geji ya joto wameweka baada ya turbo, inasoma 450 mlimani. Niko salama?
– Msomaji, Iringa

JIBU: Hujui, na geji yako haijui. Hamisha kabla ya turbo. Manifoldi ile ni chuma cha kumimina, usimruhusu mtu aichomelee itapasuka, itolewe, itobolewe, ikatwe uzi. Na kumbuka dizeli ni kinyume cha petroli, ukizidisha mafuta ndo joto linapanda. Mimi mlima mrefu kama Kitonga, ikigusa 650 kabla ya turbo napunguza gia na kulegeza mguu, wenye lori wakipiga honi nyuma waache wapige.