Kobla ya mapeasi, na iliki badala ya mdalasini

Wahariri, mmeuliza wiki hii: baridi ikianza na majani yakipukutika, wageni wako unawawekea kitu gani kitamu baada ya chakula? Najua wengi watawajibu pai ya maboga, wengine keki ya karoti, sawa. Mi nawawekea kobla ya mapeasi, na mnivumilie kidogo maana kwenye hili tunda nina maneno.

Niko Oregon, pembeni ya Portland, na mapeasi huku ndo kwao. Oregon na jirani yake Washington ndo zinatoa sehemu kubwa ya mapeasi ya Marekani, na ukitoka mjini mwendo wa saa moja na ushee kwa gari unaingia bonde la Hood River, ni mashamba ya matunda tu mpaka miguuni mwa mlima wenye theluji. Kuna barabara ya kuzunguka mashamba hayo, kilomita 56 hivi, wanaiita Fruit Loop, mwezi wa kumi watu wanakwenda na watoto wao wanarudi na maboksi, afu wiki nzima nyumba inanuka mapeasi na hamjui myafanyie nini. Jibu ndo hilo, kobla.

Kwa ambaye hajawahi kuila, ni matunda chini, unga wa kama skonzi juu, vinaiva pamoja kwenye oveni kwenye bakuli moja. Hakuna kusukuma chapati ya pai, hakuna kupamba, na kadiri inavyokuwa na mabonde na milima ndivyo inavyopendeza, kwa hiyo hata mtu ambaye keki zake huwa hazijai anaiweza hii.

Sasa mapeasi yenyewe. Hapa ndo kazi yote ilipo, unga ni mambo madogo. Peasi haliivii mtini kama embe, ukiliacha mtini linaiva kuanzia ndani, nje bado liko vizuri kumbe katikati limeshakuwa uji wa kahawia na lina chengachenga kama mchanga. Ndo maana wakulima wanalichuma likiwa limekomaa lakini gumu, wanalipitisha kwenye baridi kwanza, afu linakuja kuivia mezani kwako. Ukitaka liwahi weka kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Kujua kama limefika usibonyeze tumbo, bonyeza shingoni karibu na kikonyo kwa kidole gumba, pakibonyea kidogo basi ni la kula leo leo. La kupikia unalitaka siku moja kabla ya hapo, yaani shingo inaanza tu kukubali ila tumbo bado linakataa. Likiwa bivu kabisa likiingia kwenye oveni linayeyuka, unapata jamu yenye kofia.

Na aina ina maana yake. Bartlett, ambalo Waingereza wanaliita Williams, ndo linavunwa mwanzo, mwezi wa nane, linabadilika kutoka kijani kuwa njano na harufu yake hakuna la kulishinda, lakini kwenye moto linalegea haraka. Bosc ni lile la kahawia lenye shingo ndefu na ngozi ya kukwaruza, watu wanalipita dukani maana halina sura, na hilo ndo la kobla sasa, linakaa kwenye umbo lake mpaka mwisho. Anjou la kijani nalo linafaa. Mi nachanganya, Bosc mengi na Bartlett mawili ya kutengeneza rojo.

Vipimo vyangu vya bakuli la mraba la sentimita 23, watu sita mpaka nane: mapeasi kilo moja na robo, menya, toa moyo, kata vipande vya unene wa kidole, mwagia maji ya nusu limao yasije yakawa meusi. Sukari gramu 50 tu jamani, robo kikombe, najua mapishi mengine ya huku yanasema kikombe kizima lakini hapo unakula sukari yenye harufu ya tunda. Konflawa kijiko kimoja kikubwa, chumvi ya kubana vidole viwili, tangawizi mbichi ya kukwaruza kidogo, na iliki nusu kijiko cha chai, uliyoitwanga mwenyewe.

Hapo kwenye iliki najua nitabishiwa. Kila kitabu cha Marekani kitakwambia mdalasini, na mdalasini na epo sawa wanaelewana, ila peasi lina harufu ya upole, ukiweka mdalasini wa kutosha kusikika basi peasi ndo huliskii tena, umekula mdalasini laini. Iliki inalisindikiza. Sisi tuliokulia Tanga kwenye maandazi na vibibi hili wala halihitaji kuelezwa, mama mkwe wangu alivyokuja kututembelea alikula nusu bakuli la hii bila neno afu akauliza kwa nini kwenye chai yangu siweki iliki ya namna hiyo hiyo.

Oveni weka nyuzi 190 za Selsiasi, huku inasomeka 375 za Farenhaiti. Matunda yanaingia PEKE YAKE kwanza kama dakika 15 mpaka yaanze kutoa maji na kuwa moto kabisa, hii hatua watu wanairuka afu wanalalamika unga umebaki mbichi chini. Unga ukikutana na matunda ya moto unaanza kuiva toka chini na juu kwa pamoja. Wakati yako ndani tengeneza unga: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari vijiko vitatu vikubwa, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, siagi ya baridi gramu 85 umeikata vipande, unaifikicha kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipunje vya ukubwa wa choroko, afu mtindi baridi theluthi mbili za kikombe, koroga kwa uma mpaka ushikane tu basi, acha! Ukikanda umeshatengeneza mkate. Dondosha kwa kijiko juu ya matunda, acha nafasi katikati mvuke upite, rudisha dakika 25 mpaka 30. Usitoe kwa sababu juu pamekuwa na rangi, tazama pembeni, rojo liwe zito na linachemka kwa mapovu makubwa ya polepole, bila hivyo konflawa haijaiva na itabaki maji. Afu iache nusu saa, najua ni ngumu lakini ndo rojo linashika.

Shemeji yangu anakaa Atlanta na yeye ana kobla ya kusini mwa Marekani, unayeyusha siagi kwenye bakuli, unamimina uji wa unga na maziwa, matunda juu, usikoroge, uji unapanda wenyewe unayafunika. Ni tamu na ni rahisi zaidi, sikatai, kwa pichi inafaa sana. Kwa peasi nakataa, inakuwa keki yenye unyevu. Tumeshagombana kwenye grupu la familia na hatujamaliza.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni kwamba hiki chakula kilianza bila oveni. Waingereza waliohamia Amerika walizoea pudingi za kwao, vitu vya kuzipikia vikawa havipatikani, wakawa wanapiga donge la unga juu ya matunda kwenye sufuria la chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu na chini! Yaani vile vile tulivyopikia keki nyumbani. Na mapeasi yenyewe yalifika Oregon kwa njia hiyo hiyo ya wahamiaji, mwaka 1847 bwana mmoja Henderson Luelling alitoka Iowa na familia yake na gari la ng'ombe lenye mamia ya miche ya matunda kwenye udongo, akawa anaimwagilia njia nzima, akaja kuipanda Milwaukie hapa jirani.

Kwa hiyo wewe uliyeko nyumbani huna oveni, sufuria na makaa vinatosha, makaa mengi yawe juu, ya chini machache maana sukari ya matunda inaungua upesi. Mapeasi ya Lushoto ukiyakuta bado magumu yaongezee dakika kumi kabla ya kuweka unga. Aiskrimu ya vanila ukipenda weka, mi naweka mtindi mzito. Na ikibaki usiifunike ingali ya moto, mvuke unalowesha unga wa juu, kesho yake ipashe kwenye oveni, maikrowevu inaifanya mpira, afu unaila na chai ya asubuhi.