P2 haitoi mimba: majibu ya maswali yenu

Maswali karibu yote ya safari hii yanahusu P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na mengi yanachanganya kuzuia mimba na kutoa mimba. Mkanganyiko huu unawaumiza watu wa aina mbili. Kuna anayeiogopa P2 akidhani inatoa mimba, akasitasita mpaka muda ukapita. Na kuna anayeitegemea itoe mimba, akainywa wakati mimba imeshatunga.

Mchumba wangu anasema kunywa P2 ni kuua mtoto, na sisi ni watu wa dini. Ukweli ni upi? (Msomaji, Morogoro)

Dada, siku ya tendo mara nyingi hakuna yai la kukutana na mbegu. Mbegu za mwanamume huweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilisubiri yai. Yai lenyewe likishatoka kwenye kifuko chake halidumu zaidi ya saa 24. Ili litoke, ubongo humwaga kwa wingi kichocheo kiitwacho LH. Dawa iliyomo ndani ya P2, levonojestreli, huzuia LH isipande, yai likachelewa kutoka, na mbegu zikafa bila kukutana na kitu. Kazi yake ni hiyo. LH ikiwa imeshaanza kupanda au yai limeshatoka, P2 haisaidii tena, na ndiyo maana kuna wanaoinywa kwa wakati na bado wakashika mimba.

Dawa za kutoa mimba ni nyingine kabisa. Mifepristoni huzuia projesteroni, homoni inayoishikilia mimba, kisha misoprostoli huubana mji wa mimba utoe kilichomo. Levonojestreli iko kundi moja na projesteroni, kwa hiyo haiwezi kuing'oa mimba iliyojishikiza. Karatasi za zamani za vidonge hivi ziliandika kwamba huenda vinazuia yai lililorutubishwa lisijipandikize. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliyaondoa maelezo hayo kwenye karatasi ya Plan B, kidonge cha dawa hiyohiyo. Mwonyeshe mchumba wako, na msibishane huku saa zinakwenda.

Nina mimba ya wiki 6. Nikinywa P2 nne kwa mpigo itatoka?

Haitatoka, hata ukinywa kumi. Swali hili linakuja kila mara na jibu ni lilelile. Kama uliinywa kabla hujajua, usihofu, haimdhuru mtoto. Nenda kliniki upimwe na uzungumze na mhudumu. Usimruhusu mtu wa mtaani akuingize kijiti au akupe mizizi ya kunywa. Na kama kuna kitu kimeshafanyika, ukaona damu nyingi, homa au uchafu wenye harufu kali, kimbia hospitali leo hii. Huduma baada ya mimba kuharibika ni haki ya kila mwanamke, hata awe amefanya nini.

Pakiti ina vidonge viwili. Dukani nimeambiwa kimoja sasa, kingine baada ya saa 12.

Huo ni utaratibu wa zamani. Angalia nyuma ya pakiti: ukikuta kila kidonge ni miligramu 0.75, vimeze vyote viwili pamoja vitimie 1.5. Ukikuta kidonge kimoja cha 1.5, ni hicho tu. Kile cha pili ndicho watu husahau, au saa 12 zinaangukia usiku wa manane wakalala nacho. Ukitapika ndani ya saa 3, rudia dozi nzima. Kula kidogo kwanza hupunguza kichefuchefu.

Tulikutana Jumamosi saa 5 usiku, leo ni Jumatano jioni. Nimechelewa?

Kwa P2, umechelewa kiasi. Hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Mpaka saa 120 bado kuna nafasi ndogo. Ulipristali, kidonge kingine cha dharura, cha miligramu 30, hushikilia vizuri zaidi hadi saa 120, ila si kila duka linayo. Kilicho bora kuliko vyote ni kitanzi cha shaba, wengine huita lupu, kikiwekwa ndani ya siku 5: huzuia zaidi ya mimba 99 katika kila 100, kisha kinaendelea kukukinga kwa miaka 10 au zaidi. Shaba hulemaza mbegu, na huenda pia ikazuia yai lisijishikize. Nakuambia ili uamue ukijua. Nenda kesho asubuhi, usingoje jioni.

Natumia dawa za kifua kikuu. P2 itanifaa?

Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja P2, ikapungua nguvu. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na efavirenzi ya VVU, hufanya vivyo hivyo. Kitanzi cha shaba hakiguswi na dawa hizo. Kisipopatikana, wataalamu hushauri dozi maradufu, miligramu 3. Mtajie muuzaji kila dawa unayotumia, hata kama hakukuuliza.

Maji ya majivu au limao baada ya tendo?

Hapana. Wala kujiosha ndani kwa sabuni.

Naitumia kila wiki, kuna shida?

Haitakufanya mgumba, lakini hedhi itavurugika na ni rahisi zaidi kushika mimba kuliko anayetumia njia ya kawaida ya uzazi wa mpango. Tena P2 huchelewesha yai, haiifuti siku ya hatari. Tendo la keshokutwa bila kinga linaweza kukuta yai ndiyo kwanza linatoka. Chagua sindano, kijiti cha mkononi kinachowekwa na mhudumu wa afya, kitanzi au vidonge vya kila siku. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, pima mkojo. Na maumivu makali ya tumbo upande mmoja pamoja na kizunguzungu ni dharura, mimba inaweza kuwa nje ya mji wa mimba.

Kondomu ilipasuka na mwenzangu amekunywa P2. Tumemaliza?

Kaka, hamjamaliza. P2 haizuii VVU wala kaswende. Kama hamjui hali zenu, nendeni kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita mkaulizie PEP, dawa za kinga dhidi ya VVU, zinazomezwa siku 28 mfululizo. Wengi hukimbilia mimba tu na hilo hawaliulizi kabisa. Aliyebakwa naye ana haki ya vyote viwili, P2 na PEP, na dozi ya kwanza ianze hapohapo. Karatasi ya polisi itafuata.