Nataka fidla ya babu isikike kwenye blogu yangu

SWALI: Shikamoo mjomba. Mie mjukuu wa mpiga fidla, niko Wete. Babu keshatangulia mbele ya haki, katuachia kaseti 14 za taarabu, kundi lao walikuwa wanapiga maharusini huku huku Pemba na hizo nyimbo hazijawahi kutoka popote. Nimefungua blogu kwenye Blogger, kila wimbo nauandikia habari zake, nani kaimba, harusi ilikuwa ya wapi, sasa watu wananiuliza wimbo wenyewe uko wapi? MP3 haikubali kupanda. Nikaweka Google Drive nikapesti linki, mtu akibonyeza anatolewa nje ya blogu halafu anaambiwa aombe ruhusa. Nnachotaka ni mtu asome huku anasikiliza, na wimbo uanze wenyewe akifungua tu ukurasa. Nifanyeje? (Mjukuu, Wete)

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu Mwenyezi Mungu amrehemu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kaseti 14 za maharusi ya Pemba ni hazina, kwa hiyo kabla sijafika kwenye pleya naomba unisikilize kidogo kuhusu hizo kaseti zenyewe.

Usizicheze ovyo ovyo. Kaseti iliyokaa miaka ukiitia tu kwenye redio inaweza kukwama ikaliwa, na hapo huna tena. Angalia kwanza ule upande wa chini ulio wazi, katikati pana kipande kidogo cha sufi kinachobana utepe, kikidondoka sauti inakuwa ya mbali kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Kichwa cha redio kisafishe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Halafu izungushe kaseti kwa kalamu taratibu mpaka mwisho na urudi nayo, ukiona nzito iache mpe fundi. Ukimaliza hayo chukua waya unaotoka tundu la hedifoni la redio uingie kwenye laptopu (laptopu nyingi za sasa hazina tundu la kuingizia sauti, utanunua kidude cha USB), fungua Audacity, programu ya kurikodi ambayo ni ya bure, rikodi upande mzima bila kukatisha. Nakala ya kwanza iweke WAV (faili la sauti lisilobanwa), hiyo ndo amana, usiikate wala usiisafishe, iweke sehemu mbili tofauti. Ya blogu utatoa humo.

Kwa nini WAV haifai kwenye blogu? Uzito. Wimbo wa taarabu sio wa dakika tatu, unajua mwenyewe, fidla peke yake inaweza kwenda dakika mbili kabla mtu hajafungua mdomo. Wimbo wa dakika 12 kwa WAV ya kawaida unapita MB 120. Huo huo kwa MP3 ya kbps 128 (kbps ni kiasi cha data ya sauti kwa kila sekunde) unakuwa kama MB 11 na nusu, na ukiutoa kwa mono (sauti ya njia moja) kbps 64 unashuka MB 6 hivi. Na mono hapa haikupunguzii kitu, kama harusi ilirikodiwa kwa maikrofoni moja hapakuwa na kushoto na kulia tangu mwanzo. Jaribu wimbo mmoja, sikiliza kwa spika ya simu na kwa hedifoni, ukiridhika toa zote hivo hivo.

Sasa pleya. Blogger inapokea picha na video, faili la sauti tupu haina pa kuliweka, ndo maana ilikukatalia, hukukosea kitu. Google Drive nayo ni kabati la mafaili, haikutengenezwa kuchezesha muziki ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Unachohitaji ni wimbo ukae mahali panapohifadhi sauti, halafu pleya yake uipachike kwako. Kwa kaseti kama zako mie ningekwenda Internet Archive, ni bure, haina matangazo katikati ya wimbo, na ipo kwa kazi hii hii ya kuhifadhi. SoundCloud nayo inafaa na sura yake nzuri zaidi, ila akaunti ya bure ina kikomo cha muda na kaseti 14 zitakijaza. Ukishapandisha, tafuta pale penye alama ya kushea, utakuta kodi ndefu inayoanza na neno iframe, ikopi yote. Rudi Blogger, fungua andiko lako, kushoto juu pana alama ya penseli, bonyeza uchague kuona kwa HTML, nenda palipo na aya ya kwanza, pesti chini yake, rudi kwenye mwonekano wa kawaida. Pleya itakaa hapo hapo chini ya maneno yako na msomaji hatoki nje.

Ila jambo moja, pleya inakata mtu akihamia ukurasa mwingine wa blogu. Kwa hiyo usiiweke pembeni ukategemea itamfuata, iweke ndani ya andiko la wimbo ule ule, na andiko liwe refu la kutosha kumweka mtu hapo. Na usipange pleya ishirini kwenye ukurasa mmoja, kila moja inapakia mambo yake na blogu inakuwa nzito kama jahazi lenye mawe. Kaseti nzima unaweza kuiweka orodha moja ndani ya pleya moja.

Siku ukiwa na tovuti yako mwenyewe uliyoilipia na mafaili yako humo, hutahitaji kupachika cha mtu, HTML ina kitu kinaitwa audio, unaandika hilo neno, unaonyesha faili lilipo, unaongeza controls ili batani zionekane na preload uiandike none. Hilo la mwisho usilisahau, ndo linalozuia simu ya mtu isianze kuvuta wimbo kabla hajabonyeza.

Ambayo yananileta kwenye lile ulilotaka, wimbo uanze wenyewe. Hapa mwanangu sikubaliani na wewe kabisa. Kwanza hautakubali, Chrome toka 2018 inazuia sauti inayojianzisha na Safari ilitangulia. Lakini hata ingekubali nisingekushauri. Ndugu yangu mmoja alifungua ukurasa wa tovuti fulani akiwa kwenye hitma, anatafuta namba ya simu tu, ukaanza muziki simu nzima inapiga kelele, yule mtu alitoka nje na hakurudi kukaa. Fikiria msomaji wako yuko kwenye boti anakwenda Unguja kazungukwa na watu, au adhana inaadhiniwa, au ni Ramadhani na yeye kaingia kusoma tu. Fikiria pia bando. Mtu kanunua MB chache za siku, MB 6 zake ni zake, aamue mwenyewe kuzitumia kumsikiliza babu yako. Andika tu juu ya pleya: dakika 12, MB 6. Mie tovuti ikiniandikia hivo naiamini siku hiyo hiyo.

La mwisho kwako, na ndo zito. Babu alipiga fidla, lakini sauti ina mwenyewe na mashairi yana mwenyewe, na wewe unawajua maana umesema unaandika nani kaimba. Haki ya mtunzi haiishi na kifo chake, inabaki kwa warithi kwa miaka mingi. Nenda majumbani kwao, chukua simu uwasikilizishe kwanza, waombe idhini, iandike kwenye karatasi, ukihitaji muongozo COSOZA ndo wanaoshughulika na hakimiliki hapa Zanzibar. Fanya hivo kabla ya kupandisha, maana wimbo ukishaupandisha Internet Archive yeyote anaweza kuupakua na ukishatapakaa huurudishi. Wakikubali, majina yao yote yawe chini ya pleya, mwenye udi, mwenye ganuni, mwenye dumbaki, hata aliyeshika maikrofoni kama unamjua. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi santuri mwaka 1928 na mpaka leo jina lake tunalisoma kwenye lebo, lakini maharusi yetu mangapi yamerikodiwa baada ya hapo na hakuna anayejua nani alikuwa anapiga? Wewe unajua. Usingoje mpaka na wewe usahau.

Ukimaliza wimbo wa kwanza nitumie anwani ya blogu kupitia hapa gazetini, nataka kuisikia hiyo fidla.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna redio yetu ndogo ya mtandaoni, vijana wa mtaani, kwenye VLC (programu ya kuchezea sauti na video) inasikika vizuri lakini tukiweka linki kwenye pleya ya tovuti yetu inakaa kimya, hakuna kosa lolote linalotokea. Tatizo nini? (Vijana wa Jang'ombe, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam vijana. Linki mliyonitumia inaanza na http na tovuti yenu inaanza na https, tatizo liko hapo. Ukurasa uliofungwa kufuli brauza haitaki uvute sauti kutoka mlango usio na kufuli, inazuia kimya kimya, VLC haijali hilo ndo maana kule inasikika. Muombeni anayewapa seva linki ya https ya strimu (mtiririko wa sauti) hiyo hiyo, wengi wanayo ila hawaitoi mpaka uulize.

Na msistrimu kwa wasikilizaji moja kwa moja kutoka laini ya nyumbani. Kwa kbps 64 wasikilizaji 50 ni Mbps 3.2 za kupandisha muda wote bila kuyumba. Nyinyi tumeni strimu moja tu mpaka kwenye seva ya Icecast (programu ya kurusha redio mtandaoni), seva ndo iwagawie watu. Msikilizaji naye kwa kiwango hicho saa moja inamla kama MB 29, watangazieni.

SWALI: Tovuti ya skuli yetu ya zamani ilikuwa na pleya ya kaswida, sasa pale pamebaki boksi jeupe tupu. Imeharibika au imefutwa? (Mzee wa Chake Chake)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kama tovuti ni ya miaka mingi basi pleya hiyo huenda ilikuwa ya Flash, programu ya zamani ya kuchezesha sauti na video ndani ya brauza, na Flash ilisitishwa rasmi tarehe 31 Disemba 2020, brauza zote zimeitoa. Kaswida zenyewe huenda zipo salama, aliyetengeneza tovuti aingie kwenye folda za seva atafute mafaili yanayoishia na mp3, akiyakuta ayawekee hiyo audio ya HTML niliyomweleza mjukuu wa Wete hapo juu, ni kazi ya mchana mmoja. Na akishayakuta azikopi kwanza kabla hajagusa kitu.